Bolti Iko Upande wa Kulia

Kambi ya Mafunzo
4 Februari 1996

Kwako Mama Nelvine,

Chamgei. Nakutumia salamu nyingi kuliko majani yanayochipuka Boito mvua ikishanyesha. Mimi ni mzima isipokuwa bega, na habari ya bega inakuja. Mama yangu je, miguu inamruhusu kufika kanisani? Na Nelvine amefika umri gani wa utundu? Nikilala namwona akikimbiza kuku.

Jumatano tulipewa bunduki. Usifikirie zile za sinema. Ni za kizamani, za kukoki kwa mkono. Ukishapiga risasi moja lazima ushike kile chuma kinachoitwa bolti, ukiinue, ukivute nyuma ganda litoke, ukisukume mbele, ukilaze, ndipo upige ya pili. Na hiyo bolti, mke wangu, iko upande wa kulia. Zote. Nimezunguka stoo nzima nikiangalia, mpaka mwenye stoo akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Wenzangu ni rahisi kwao. Kidole cha kulia kwenye triga, na mkono huohuo unashuka kwenye bolti, kazi imeisha. Mimi naweka kitako begani kushoto kwa sababu ndiko mwili wangu unakotaka. Nikipiga, sikosi. Shida ni baada ya hapo. Mkono wa kushoto unaacha triga, unavuka juu ya bunduki, unapapasa bolti upande wa ng'ambo, na kichwa lazima kirudi nyuma ili nisijipige pua. Mpaka nirudi kwenye shabaha, wenzangu wamemaliza na wanakunywa maji. Halafu ganda likiruka linanigonga kwenye mkono uliovuka, na ganda la risasi ni moto. Nina alama tatu sasa.

Sajini wetu anaitwa Onyancha, mtu wa Kisii, mfupi, na hana haja ya kipaza sauti. Ameniambia, "Wewe Kipkirui, hamia kulia kama watu." Nimehamia. Kwa bega la kulia sipati hata kilima, na teke la bunduki limelivimbisha.

Mtihani uko mwisho wa mafunzo. Wamechora nyati kwa ubao, wanamvuta kwa kamba anakuja mbio. Lazima umpige na umrudie kabla hajavuka mstari wa chokaa. Ukishindwa unafunga sanduku unarudi nyumbani. Na ni haki, kwa sababu nyati wa kweli aliyejeruhiwa hangoji mtu apapase. Unajua kwa nini niliacha chai nikaja huku kuwa askari wa wanyamapori. Tangu nyati atoke msituni akamuua jirani yetu Joab kwa shamba lake mwenyewe, na sisi tumesimama na mapanga, sijalala vizuri. Nikirudi bila kupita, nitarudi kusimama na panga tena.

Nitumie habari haraka. Kukaa hapa Jumapili bila kazi kunaniwasha mwili mzima.

Ni mimi,
Baba Nelvine


Boito
27 Februari 1996

Baba Nelvine mpendwa,

Nimepokea barua yako pamoja na bega lako. Pole. Sisi tuko wazima, ng'ombe amezaa ndama dume, na mvua ya mawe ilipita juu ya chai ya watu wa chini ikatuacha sisi, kwa hivyo majirani wanatuangalia vibaya kidogo. Mama anakusalimu. Miguu inamsumbua na vidole vya mikono vimeanza kufura, lakini kanisani anafika, na akifika anakaa mbele.

Kwa hivyo serikali imekupeleka mbali kote huko ili ujue una mkono wa kushoto. Mimi ningekuambia bure hapa jikoni. Siku uliyokuja kwetu na wazee, ulishika kikombe cha chai kwa kushoto, shangazi yangu akanifinya. Nikamwambia, shangazi, angalia sura, wacha mkono.

Lakini sicheki sana, maana kuna jambo. Juzi kina mama wa kanisa walitutembelea, na Drusilla mwenyekiti wao ndani. Nelvine akatoka mbio kuwasalimu. Akampa Drusilla mkono wa kushoto. Tukacheka, tukasema ni mtoto. Mandazi yakapita, akachukua kwa kushoto. Chai, kushoto. Drusilla akaweka kikombe chini akasema polepole, "Huyu bado hamjamfundisha." Mama aliona aibu mpaka nikamhurumia. Mgeni anapewa mkono wa kulia, hata mimi najua, lakini mtoto hana hata miaka mitatu.

Wageni walipoondoka Mama alichana upindo wa kitenge kikuukuu, akamfunga Nelvine mkono wa kushoto kiunoni, chini ya sweta. Anasema hata wewe alikufunga hivyo na ukapona. Lakini wewe, hukupona. Kula na kusalimu ulijifunza. Panga, jembe, jiwe la kurushia tumbili, yote ni kushoto, na sasa bunduki.

Usiku nilimfungua. Asubuhi Mama akamfunga. Hatugombani kwa maneno, tunagombana kwa kitambaa. Sema wewe. Mkono huo ameutoa kwako, na mimi kuvutana na mama yako kila siku siwezi.

Barua zako endelea kuzituma kwa sanduku la Jecinta wa duka la Litein. Huniletea mwenyewe siku ya soko, na huwa anataka nimsomee kidogo.

Wako,
Mama Nelvine


Kambi ya Mafunzo
10 Machi 1996

Mama Nelvine,

Salamu kwako na kwa Mama. Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi naendelea tu.

Umeniuliza nami nakujibu bila kuzunguka. Mfungeni.

Usikasirike kwanza, soma. Sajini Onyancha aligundua kwamba nikiwa kwenye bega la kulia, jicho la kushoto ndilo linaloshika shabaha, na mimi siwezi kulifumba peke yake. Nikilifumba, na la kulia linafumba. Basi amenipa kitambaa. Kila asubuhi tukienda uwanja wa shabaha najifunga jicho la kushoto, mbele ya watu wote, kama kuku mgonjwa. Wananiita Nusu. Nusu, lete maji. Nusu, umeona nyati au bado. Juzi nilipiga ubao wa mtu wa pembeni na si wangu, na yeye ndiye aliyepewa alama. Usiku nikigeuka kitandani, wa chini yangu ananiuliza kama nakoki.

Sasa nimefikiri sana, maana hapa mtu hana lingine. Si bunduki tu. Mkasi ni wa kulia. Mkono wa salamu ni wa kulia. Mwalimu alinichapa darasa la kwanza mpaka kalamu ikahamia kulia, na mwandiko wangu unauona. Hakuna mahali dunia ilimngojea mtu wa kushoto. Mama alinifunga lakini alinihurumia mapema, akaacha kazi nusu, na ndiyo sababu leo mimi ni nusu. Angenifunga mpaka mwisho, ningekuwa nimepita mtihani huu nikiwa nimelala.

Samaki mkunje angali mbichi. Afadhali Nelvine alie sasa akiwa mdogo na mama yake karibu, kuliko alie ukubwani mbele ya watu ambao hawamjui. Mwambie ni baba amesema. Na mfungeni kweli, si kuchezacheza.

Mtihani ni mwisho wa Mei. Niombeeni.

Baba Nelvine


Boito
2 Aprili 1996

Baba Nelvine,

Tunakusalimu sote. Afya zetu ni nzuri, tunashukuru.

Nimefanya ulivyosema. Sipendi, lakini nimefanya, na nataka ujue kwamba nimefanya bila kupenda. Kila asubuhi kabla sijaenda chai namfunga. Anauliza kwa nini, namwambia baba amesema kushoto ni mbaya. Analia kidogo halafu ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunanisumbua zaidi.

Sikiliza maajabu. Jumatatu nilirudi mapema, nikawakuta nyuma ya jikoni, Mama amemfungua na wanapukuchua mahindi wote wawili, mtoto kwa mikono miwili. Mama yako huyu aliyeanzisha vita. Nikamwuliza, Mama, si wewe ulisema? Akasema aliona haya mbele ya wageni, lakini hakujua atalia hivi, na tena wewe ulikuwa hulii. Nikamwambia mwanao ameandika afungwe kweli. Akasema, "Basi, kama Bethwel amesema." Lakini kesho yake alimfungua tena nikiwa sipo. Nilijua kwa sababu kitambaa kilirudi kimefungwa vingine.

Sasa nafunga fundo la kamba ya ndama, lile dogo. Vidole vya Mama havilifungui. Ulitaka kweli, ndiyo hiyo kweli.

Mambo mengine ni ya kawaida. Majani ni mengi na lori la chai linachelewa kila siku, tunakaa kituoni mpaka giza. Mimi nimekuwa mkali nyumbani, hata paka ananikwepa. Pita huo mtihani, tuone faida.

Mama Nelvine


Kambi ya Mafunzo
5 Mei 1996

Mke wangu Marcella,

Leo nakuita kwa jina kwa sababu nina furaha. Hamjambo huko wote? Mimi sijambo kabisa, sijambo mpaka Sajini ameniambia nitulie.

Mfungueni mtoto. Nimelitanguliza ili ulisome kabla ya mengine. Mfungueni leo, ukiwa bado umeshika barua hii.

Ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa tumelala kifudifudi, mtutu umelazwa juu ya gunia la mchanga. Kitambaa changu cha jicho kilikuwa kimelowa mvua, nikakitoa nikikamue, na kwa uvivu tu nikaweka bunduki begani kushoto. Nikapiga. Nikataka kuvusha mkono kama kawaida, halafu nikaona kwamba mkono wa kulia uko hapo mbele haufanyi kitu. Gunia limebeba bunduki, sasa ule mkono unangoja nini? Nikaurudisha nyuma ukakamata bolti. Wa kushoto sikuutoa kwenye triga hata kidogo. Kichwa hakikuinuka. Shabaha haikupotea. Nikapiga ya pili, ya tatu, mpaka wa pembeni akaacha kupiga akaniangalia.

Unajua nilikumbuka nini hapo chini? Chai. Nani aliwahi kuona mtu anachuma chai kwa mkono mmoja? Huu unachuma hapa, ule unachuma pale, kila mmoja na kazi yake na wala haiulizani. Nimechuma tangu nikiwa mfupi kuliko mche, na nikaja huku nikidhani nina mkono mmoja mzuri na mwingine wa adabu.

Onyancha alikuja akasimama juu yangu. Nilijua nimekwisha, maana kitambaa kilikuwa chini kwenye matope. Akasema, "Fanya tena." Nikafanya. Akasema, "Sasa simama, nyati hatakuletea gunia." Kusimama ni kugumu. Inabidi bunduki uibane begani na kuishika kwa kushoto peke yake wakati kulia kunakoki, na ni nzito, mtutu unashuka. Lakini nafanya mazoezi kila jioni na jiwe. Onyancha mwenyewe amekuja kuhesabu. Anasema hajali natumia mkono gani, hata mguu, mradi nyati asivuke mstari.

Kwa hivyo nilikosea, Marcella. Nilikuandikia nikiwa nimefungwa jicho na moyo pia. Mtoto ana mikono miwili na yote ni yake. Mwache ale nao, asalimu nao, Drusilla atazoea. Mwambie ni baba amesema.

Niandikie upesi kwamba umemfungua, nitulie.

Wako,
Baba Nelvine


Kambi ya Mafunzo
2 Juni 1996

Mama Nelvine,

Natumaini mko wazima. Sijui, kwa sababu hamjaniambia.

Nimepita. Ilikuwa Ijumaa. Nilimpiga nyati wa ubao mara mbili kabla ya chokaa, nimesimama, bega la kushoto. Ningekuwa na furaha zaidi kama ningekuwa nimepata barua. Mwezi mzima. Kila mtu akitoka ofisini na bahasha mimi nasimama, halafu nakaa. Umekasirika? Ng'ombe ameanguka? Mama ni mgonjwa? Mtoto mmemfungua? Andika hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Baba Nelvine


Boito
11 Juni 1996

Baba Nelvine,

Salamu. Mimi na Mama tuko hai. Nelvine yuko hai, na nakuandikia hilo kwanza ili uweze kusoma yaliyobaki.

Barua zako mbili nimezipata pamoja, jana. Jecinta alifiwa na baba yake kwao Murang'a, akafunga duka akaenda mazishi na kukaa na mama yake. Barua yako ya Mei ilikuwa imelala ndani ya lile sanduku kule Litein wakati wote huo. Alipofungua akaniletea mbio, hakutaka hata nimsomee. Alipoona mtoto alikaa chini akalia, na ana msiba wake.

Ilitokea tarehe kumi na nne Mei, jioni. Mimi nilikuwa kituoni na majani, lori limeharibika njiani, tunangoja. Mama alikuwa jikoni na mtoto, anapika. Nelvine alikuwa amefungwa. Nilimfunga mimi asubuhi kwa lile fundo. Mama anasema alijaribu kulifungua mchana, hata kwa meno, akashindwa, akaona angoje nirudi.

Mtoto alikimbia kutoka nje, akajikwaa kwenye kuni iliyotokeza motoni. Baba Nelvine, mtu akianguka hutoa mikono miwili. Yeye alitoa mmoja. Ulikwenda moja kwa moja kwenye makaa, na uzito wa mwili juu yake, na hakuwa na mwingine wa kujisukuma. Mama alimvuta kwa miguu. Mama mwenyewe ameungua kidogo lakini hataki litajwe.

Tulibebwa na gari la chai mpaka hospitali ya misheni. Tumelala huko wiki tatu. Mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kiwiko. Ule wenye adabu, Baba Nelvine. Daktari aliuliza kwa nini hakujikinga na mwingine, na mimi nilikuwa nimeshika kile kitambaa kwa sababu walikikata kwa mkasi pale mlangoni wakanipa.

Sikukuandikia kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika maneno ambayo nisingeweza kuyarudisha. Nilikuchukia wewe, nikamchukia Mama, nikafika kwangu nikakaa hapo. Wewe uliandika ukiwa mbali. Mimi nilikuwa karibu, na nikafunga.

Umepita mtihani. Hongera. Nimeliandika hilo neno na sijui niliweke wapi.

Mama Nelvine


Kambi ya Mafunzo
16 Juni 1996

Mama Nelvine,

Nimesoma. Nimesoma tena na tena mpaka Onyancha akaninyang'anya, akaisoma yeye, akanirudishia. Ana watoto.

Nimeomba ruhusa ya kuja, wamesema hakuna mtu anatoka kabla ya gwaride la mwisho, na gwaride ni Julai. Nimeomba tena kwa mkubwa zaidi, wamesema hivyohivyo. Usiku siwezi kulala chini, natembea kuzunguka kambi, askari wa lango amezoea haulizi tena.

Usijihesabie peke yako. Fundo ni lako lakini neno lilikuwa langu. Nililiandika kwa sababu watu wanne walinicheka. Mwambie Mama asijilaumu, na mwambie nimekumbuka kwamba mimi pia alikuwa akinifungua.

Mkono utakuwaje? Niambie ukweli, usinifiche. Na mpe Nelvine kijiko kwa kushoto, ale, apate nguvu.

Baba Nelvine


Boito
9 Julai 1996

Baba Nelvine,

Tunakusalimu. Mama anakohoa kidogo kwa baridi, mimi ni mzima, na hasira imepungua mpaka naweza kukaa na watu.

Ulitaka ukweli. Bendeji imetolewa. Kidole gumba na cha shahada vimepona. Vitatu vya nje vimekunjika na vimeshikana. Daktari anasema akikua wanaweza kuvipasua, vinyooke kiasi. Kushika kikombe kwa huo mkono, bado sana. Nililia nikanyamaza. Hayo nimeyakubali.

Yanayonishinda ni mengine. Anakataa kutumia mkono wa kushoto.

Nilimwekea kijiko kwa kushoto kama ulivyosema. Akakiangusha, akasema, "Mbaya." Nikamwambia si mbaya, mama alikosea. Akaficha mkono nyuma. Analala njaa mpaka nimlishe mimi. Anataka kuchukua vitu na huo mkono wa kidonda, hauwezi, analia, na ule mzima uko nyuma ya mgongo umejificha wenyewe, wala hakuna aliyeufunga. Mama alikaa mbele yake akala kwa kushoto ili amwonyeshe. Nelvine alimcheka, halafu akamkemea nyanya yake, "Kogo, mbaya." Drusilla naye alikuja, naye si mtu mbaya, alileta mayai, akampa mkono wake wa kushoto amsalimu. Mtoto alikimbia.

Jana asubuhi nilikuwa natoka kwenda chai. Akanifuata mlangoni. Alikuwa ametoa kitambaa cha jikoni kwenye kamba, amekishika kwa meno na vile vidole viwili. Akanigeuzia ubavu nimfunge. Nikamwuliza, Nelvine, nani amekuambia? Akasema, baba amesema.

Kituoni sikufika. Nilikaa hapo mlangoni naye mpaka Mama akatutafuta.

Nimemweleza kila namna. Lakini kwa miezi yote ile nilimwambia baba amesema, na ameniamini. Neno langu limefika mwisho, Baba Nelvine. Wewe ndiye uliyesema, uje useme lingine. Na usije na maneno matupu. Wewe mwenyewe hapa nyumbani hula kwa kulia, kila siku alikuwa anakuona, kwa hivyo atakuangalia mkono kabla hajakusikiliza.

Njoo.

Mama Nelvine


Kambi ya Mafunzo
14 Julai 1996

Mama Nelvine,

Salamu kwako, kwa Mama na kifua chake, na kwa Nelvine wangu.

Gwaride limekwisha jana. Wamenipa siku kumi kabla ya kuripoti, na nimepangiwa upande wa msitu wa kwetu. Nitaondoka Ijumaa, Jumamosi jioni niko mlangoni. Nisipoonekana ni barabara, si mimi.

Barua yako iliponifikia ilikuwa saa ya chakula. Nikaisoma, nikasimama kwenye foleni, nikachukua ugali na sukuma, nikakaa, na mkono wa kulia ukaenda wenyewe kwenye sahani. Nikauondoa nikaukalia. Nikajaribu kwa kushoto.

Marcella, sijui. Tonge halikai. Nalikunja linapasuka, mchuzi unashuka mpaka kiwiko, nusu ya chakula iko kwa shati la serikali. Huu mkono unapiga nyati, unachinja kuku, unapasua kuni, lakini kinywani haujui njia. Vijana wananicheka, wanasema Nusu amerudi. Onyancha aliuliza kama nimepata wazimu baada ya kupita. Nikamwambia nimepewa mtihani mwingine. Jana alikuja akakaa karibu yangu na sahani yake, akajaribu naye, akajimwagia.

Sitakuja na maneno. Sina hata yale ya kumwomba msamaha mtoto wa miaka mitatu. Nimejaribu kuyaandika, nimechana karatasi mbili.

Jumamosi pikeni ugali, na Mama atoe maziwa ya mursik. Tandikeni chini, mimi nikae karibu na Nelvine, nimevaa nguo kuukuu. Na leo ukimlisha mwambie hivi: baba anakuja, baba amefungua mkono wake wa kushoto, lakini hajui kula nao, anajimwagia kama mtoto mdogo, na anaomba Nelvine amfundishe.

Baba Nelvine